Walinzi wa Mapango Wasiolipwa Mshahara

Askari wa zamani walilijua pango kwa sababu moja kubwa: baruti. Huko Marekani, kabla viwanda vya kemia havijaweza kutengeneza shura kwa wingi, shura ilitafutwa katika udongo mkavu wa mapangoni. Wakati wa vita vya mwaka 1812 baina ya Marekani na Uingereza, watumwa Weusi walichimbishwa udongo ndani ya pango la Mammoth, jimboni Kentucky. Nusu karne baadaye, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, jeshi la majimbo ya Kusini lilifanya vivyo hivyo katika pango la Sauta, jimboni Alabama. Udongo ulitiwa katika masanduku makubwa ya mbao na kumwagiwa maji. Maji yale yakapitishwa katika majivu ya kuni, yakachujwa, kisha yakachemshwa mpaka zikabaki chembe nyeupe. Chembe hizo, zikisagwa na kuchanganywa na makaa na kibiriti, ndizo zilizorusha risasi na mizinga.

Vita vilipokwisha, pango la Sauta lilibadilishwa matumizi mara kadhaa. Liliwahi kuwa ukumbi wa starehe za usiku, na baadaye, mataifa makubwa yalipokuwa yakitishana kwa mabomu ya nyuklia, likatengwa liwe kimbilio la raia. Leo halina mchimbaji wala mcheza dansi. Serikali ya Marekani ililinunua mwaka 1978 na kulifanya hifadhi ya popo, na jioni za kiangazi popo zaidi ya laki mbili hutoka mlangoni mwake kwa mfululizo, kama moshi utokao tanurini, wakielekea mitoni kuwinda wadudu. Watu huruhusiwa kusimama nje na kutazama. Ndani hawaingii.

Lakini serikali haiwezi kununua kila pango. Marekani ina mapango makumi ya maelfu yaliyokwisha kuandikwa, na mengi yake yamo chini ya mashamba ya watu binafsi. Kwa kawaida, mwenye ardhi ya juu ndiye mwenye pango lililo chini yake. Akitaka, atalitunza, akitaka, atalifanya jalala, na akichoshwa na wageni wanaokanyaga mahindi yake, ataliziba kwa tingatinga na kulala usingizi. Sheria ya taifa ya kulinda mapango, iliyopitishwa mwaka 1988, inahusu mapango yaliyo katika ardhi ya serikali kuu tu. Mengine yote yamekuwa mikononi mwa wenye mashamba na ya raia fulani ambao, bila kuamriwa na mtu wala kulipwa, wamejipa kazi ya kuyalinda.

Chama kikubwa cha raia hao, National Speleological Society, kiliundwa mwaka 1941. Wanachama wake ni maelfu, nao ni watu wenye kazi nyingine: walimu, mafundi wa magari, wauguzi, wahandisi na wanafunzi. Siku za juma wako makazini mwao. Siku za mapumziko huvaa kofia ngumu zenye taa, wakajifunga mikanda ya kushukia kwa kamba na kuingia chini ya ardhi. Makao makuu ya chama yako Huntsville, Alabama, mji ambao wasomaji walio jeshini huenda wakautambua kwa jambo lingine, maana ndipo ilipo kambi ya jeshi ya Redstone, ambako wataalamu wa Marekani walibuni roketi. Vilima vinavyouzunguka mji huo ni vya mawe ya chokaa, na maji yamevitoboatoboa kama sega la nyuki.

Hapo mwanzo watu hawa walikuwa wapelelezi kuliko walinzi. Furaha yao ilikuwa kufika pasipopata kufikwa, kupima na kuchora ramani. Lakini kila waliporudi katika pango walilokwisha kulichora, waliliona limepungukiwa kitu. Majina ya watu yalikuwa yameandikwa ukutani kwa rangi. Makopo na betri kuukuu zilikuwa zimetupwa njiani. Yale mawe mazuri yanayoning'inia darini kama mishumaa yalikuwa yamevunjwa na kuchukuliwa yakapambe sebule za watu. Jiwe la namna hiyo hujengwa kwa chokaa inayoachwa na tone baada ya tone la maji, na mara nyingi huchukua maelfu ya miaka kufikia urefu wa mkono wa mtu mzima. Mvulana mwenye nyundo hulimaliza kwa dakika moja, naye akifika nalo nyumbani hulikuta limefifia, kwa kuwa mng'ao wake ulikuwa wa unyevu.

Basi wakaanza kununua. Walichangishana fedha, wakawaendea wenye mashamba, na ambaye hakutaka kuuza wakamwomba awakodishie au awaachie ulinzi kwa mkataba. Mwaka 1991 kiliundwa chombo maalumu cha kazi hiyo kwa majimbo ya kusini-mashariki, Southeastern Cave Conservancy, ambacho kwa sasa kinasimamia mapango zaidi ya 100. Mwaka 1995 kilinunua kwa michango shimo la Neversink, Alabama, lenye kina cha mita 49 hivi, ambalo kuta zake zimevikwa mimea ya kijani na maporomoko ya maji hushuka ndani yake kama nyuzi. Atakaye kushuka humo huomba kibali kwanza.

KUFULI LILILOMFUNGIA NJE MWENYE NYUMBA

Kununua, hata hivyo, ni jambo moja, na kulinda ni jambo jingine. Chama cha taifa kilijifunza tofauti hiyo mapema, tena karibu kabisa na nyumbani kwake.

Pango la Shelta liko ndani ya mji wenyewe wa Huntsville. Mwishoni mwa karne ya 19 lilikuwa mahali pa burudani: palijengwa sakafu ya mbao ya kuchezea dansi, na katika ziwa lililo ndani mwake wageni walitembezwa kwa mashua. Thamani yake ya kweli, lakini, ilikuwa majini humo. Watafiti walioshuka katika miaka ya 1960, miongoni mwao John Cooper, walikuta jamii za viumbe wa gizani nyingi kuliko zilivyojulikana katika karibu mapango yote ya eneo lile. Walikuwamo samaki wasio na macho. Zilikuwamo aina tatu za kamba wenye makoleo, weupe kama karatasi. Alikuwamo pia uduvi mdogo ambaye mwili wake unapenyeka kwa mwanga kama kioo. Wataalamu walimpa jina la Palaemonias alabamae mwaka 1961, kutokana na wale waliopatikana humo Shelta.

Nyumba hiyo yote ya viumbe ilikuwa na mlishaji wake. Gizani haliwezi kuota jani, na pasipo jani hapana chakula ila kile kinachotoka nje, ama kwa kuletwa na maji ama kwa mbawa. Kila usiku wa kiangazi popo wa kijivu walitoka kwenda kula wadudu, na kabla ya mapambazuko walirudi wakaning'inia na kuangusha kinyesi chao. Bakteria na kuvu walikula kinyesi hicho; wadudu wadogo wakala kuvu; na kwa ngazi hiyo riziki ilishuka mpaka kwa kamba na samaki walio majini. Popo alikuwa mkulima, mpagazi na mpishi wa nyumba nzima, ingawa mwenyewe hakuwa na habari.

Katika miaka hiyo mji ulikuwa ukipanuka kwa haraka, na nyumba za watu zilikuwa zimekaribia mlango wa pango. Chama kikalinunua mwaka 1967, na mwaka uliofuata kikaweka malango ya chuma ili asiingie asiye na ruhusa. Kazi ilifanywa kwa nia njema na kwa jasho la watu waliolipenda pango lile. Lango nalo likatimiza agizo lake, kwani watu walizuilika. Ila nondo zake hazikupangwa kwa kumfikiria mnyama arukaye. Popo wa kijivu hupita mlangoni kwa kasi, gizani, katikati ya mamia ya wenzake, naye hapendi kupunguza mwendo mahali ambapo bundi au paka mwitu anaweza kumvizia. Katika muda wa miaka michache tu kundi lote lilikuwa limehama.

Hapakuwa na kishindo wala kilio. Pango lilibaki safi, limefungwa vizuri, na kwa macho ya mgeni lilikuwa limehifadhiwa kuliko lilivyopata kuwa. Chini majini, lakini, chakula kilikuwa kimekatika. Uduvi wa mwisho kuonekana Shelta alionekana mwaka 1973. Kamba nao wakazidi kuwa adimu mwaka hata mwaka.

Haitakuwa haki kulitwika lango peke yake mzigo wote huo. Nyumba, barabara na bustani zilizojengwa juu ya pango zilikuwa zikipeleka uchafu wao katika maji yale yale. Hata hivyo chama kilikubali hesabu yake. Mwaka 1981 kiliondoa lango la zamani, kikaweka jingine lenye nondo zilizolazwa, zinazomwachia popo nafasi ya kupita. Kundi lile halikurejea.

Wako wanaosema kwamba afadhali chama kisingelinunua pango hilo. Hoja hiyo haina uzito mkubwa, kwa kuwa shimo lisilo na mwenyewe katikati ya mji unaokua kwa kawaida huishia kuwa dampo au msingi wa nyumba. Kosa lilikuwa dogo kuliko hilo, na kwa watu wa ulinzi linaeleweka kwa urahisi: mlinzi aliwahesabu wezi wote, akasahau kuwahesabu wenyeji.

Tangu hapo utengenezaji wa malango umekuwa fani kamili. Mhandisi Roy Powers, wa chama kiitwacho American Cave Conservation Association, alibuni namna ya lango linalotumika sasa sehemu nyingi za Marekani. Vyuma vizito vyenye umbo la pembe hulazwa kimoja juu ya kingine, na kati ya chuma na chuma huachwa nafasi ya sentimeta 14.6 hivi. Nafasi hiyo inamtosha popo, lakini kifua cha mtu mzima hakipenyi. Nguzo za kusimama huwa chache iwezekanavyo. Vyuma hivyo hubebwa mabegani na watu wa kujitolea, wakipanda vilima visivyo na njia ya gari, pamoja na mashine ya umeme na vifaa vya kuchomelea. Kazi ya lango moja huweza kuchukua siku kadhaa za watu wengi.

Kabla ya chuma cha kwanza kuchomelewa, watu huenda kuuliza maswali ambayo mwaka 1968 hayakuulizwa. Wanatazama madoa yaliyoachwa darini na popo wa miaka iliyopita, wanapima vichuguu vya kinyesi, wanahesabu wanaotoka jioni. Wanapima pia upepo unaoingia na kutoka pangoni, kwa sababu lango likiziba hewa kidogo tu joto la ndani hubadilika, na popo alalaye usingizi wa majira ya baridi huchagua chumba chake kwa joto lake. Popo huyo amejiwekea mafuta ya mwilini ya kumfikisha majira ya machipuko, wala hana akiba nyingine. Mtu akipita chini yake na taa, huzinduka, na kuzinduka kumoja humla mafuta ya siku nyingi. Akizinduliwa mara kwa mara, hufa kwa njaa kabla wadudu hawajarudi. Na pale ambapo popo wa kijivu majike hulea vichanga, lango kamili mara nyingi halifai hata likiwa zuri namna gani. Hapo hujengwa uzio mbali na mlango, au lango la nusu linaloacha sehemu ya juu wazi. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Wakitishwa, mama hurukaruka na vichanga huanguka sakafuni.

Kuwafungia popo mlango kumewahi kujaribiwa Afrika Mashariki pia, kwa sababu nyingine kabisa, na matokeo yake yanastahili kukumbukwa. Katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, wachimbaji waliugua homa ya Marburg mwaka 2007. Virusi vya ugonjwa huo hukaa katika popo wa matunda wanaoishi mapangoni, na mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alikufa baada ya kutembelea pango la popo hao katika msitu wa Maramagambo. Huko Kitaka iliamuliwa kuwamaliza popo: wakauawa kwa maelfu, na mashimo yakazibwa kwa matete na nyavu. Mwaka 2012 Marburg ikazuka Ibanda, si mbali na mgodi ule. Watafiti waliporudi Kitaka walikuta popo wamekwisha kurejea, wachache kuliko zamani, lakini wenye virusi walikuwa wameongezeka: hapo awali walikuwa 5 hivi katika kila 100, na sasa walikuwa 13. Popo waliouawa walikuwa wamewapisha popo wageni, na hao ndio walioushika ugonjwa kwa urahisi zaidi. Ushauri wa wataalamu ni kwamba watu wakae nje ya mapango ya popo hao, na popo waachwe ndani.

MTO ULIONUKA CHINI YA MJI

Katika mji mdogo wa Horse Cave, Kentucky, mlango wa pango uko kando ya barabara kuu, kati ya maduka. Chini yake unapita mto. Zamani wenyeji walivuta humo maji ya kunywa, na mwishoni mwa karne ya 19 mto huo ulizungusha mtambo uliowapa umeme. Mwaka 1916 pango, liitwalo Hidden River, yaani Mto Uliofichika, lilifunguliwa kwa watalii. Mwaka 1943 likafungwa, kwa kuwa hakuna aliyeweza kustahimili harufu yake.

Sababu ilikuwa ndogo na ya kila siku. Nchi ya mawe ya chokaa haina mchanga mzito wa kuchuja maji. Kinachomwagwa shimoni asubuhi chaweza kuwa kisimani mwa jirani jioni. Watu wa Horse Cave, kama wengine wengi, walikuwa wakielekeza vyoo na maji machafu katika mashimo ya ardhi iliyotitia, wakiamini kwamba ardhi imeyameza. Baadaye likaongezeka taka la kiwanda cha maziwa, na la kiwanda cha kupaka vyuma kromu. Ardhi haikuyameza, iliyapitisha tu. Wataalamu walithibitisha kwa kutia rangi isiyo na madhara katika mashimo ya mbali, kisha wakaweka vifuko vya makaa katika chemchemi ili vinase rangi hiyo itakapotokea. Ramani ya mito iliyo chini ya ardhi ikachorwa hivyo, bila mtu kuiona mito yenyewe. Kwa miaka mingi wapita njia katika barabara kuu ya Horse Cave walishika pua.

Katika miaka ya 1980 chama cha American Cave Conservation Association kiliyahamishia makao yake katika mji huo huo unaonuka. Ni uamuzi unaofaa kusifiwa, maana wangeweza kuchagua pango zuri la milimani na kupiga picha. Walikaa na wenyeji, wakawaeleza maji yao yanakokwenda, na mwaka 1989 mtambo mpya wa kusafisha maji machafu ya eneo hilo ukaanza kazi. Mto uliachwa ujioshe wenyewe. Mwaka 1993 pango lilifunguliwa tena kwa wageni, na samaki wasio na macho, waliokuwa wametoweka katika sehemu hizo, wakarudi kutoka vijito vya juu ambako uchafu haukufika.

Sehemu kubwa ya kazi ya vyama hivi haina sifa kama hiyo. Ni kazi ya ufagio na ndoo. Watu hujipanga msururu kutoka chini ya shimo hadi juu, wakipokezana magurudumu, majokofu mabovu, chupa na mizoga. Wengine hukaa magotini siku nzima wakisugua majina ya watu kwa brashi na maji ya pango lile lile. Mawe yaliyovunjika, vipande vyake vikipatikana, huunganishwa kwa gundi na kufungwa mpaka yashikamane, kazi inayofanana sana na ya mama anayeunga sahani ya harusi. Na zipo adabu za humo ambazo mtoto aliyelelewa vizuri angezitambua: anayekula pangoni hukinga chakula chake kwa mfuko ili chembe zisianguke, hupita katika njia moja iliyowekewa alama, na hutoka na kila alichoingia nacho, hata haja zake, akizibeba katika chombo. Katika pango la Lechuguilla, jimboni New Mexico, ambalo wapenda mapango walilifungua mwaka 1986 kwa kuchimba kifusi kwa idhini ya hifadhi ya taifa, na ambalo limepimwa zaidi ya kilometa 240, ziko sehemu ambapo mtu huvua viatu vyenye matope kabla ya kuendelea mbele.

PUA NYEUPE

Mwezi Februari 2006 picha ilipigwa katika pango moja jimboni New York, ikionyesha popo waliolala wakiwa na kitu cheupe puani, kama unga. Majira ya baridi yaliyofuata popo walianza kuonekana mchana wakiruka juu ya theluji, na sakafu za mapango zikajaa mizoga. Kuvu aina ya Pseudogymnoascus destructans alikuwa ameingia Marekani. Kuvu huyu hupenda baridi. Humwota popo puani na mbawani akiwa usingizini, humzindua mara kwa mara na kumlisha akiba yake ya mafuta kabla ya wakati. Hadi mwaka 2012 popo waliokadiriwa kuwa zaidi ya milioni 5 walikuwa wamekufa. Binadamu haugui ugonjwa huo.

Kwa vyama vya kujitolea msiba huu ulikuwa na uchungu wa pekee. Kuvu huyo alikuwapo Ulaya tangu zamani, na popo wa huko wamemzoea. Bahari ya Atlantiki popo hawa hawaivuki. Wataalamu wakasema yaelekea kwamba alisafiri na watu, katika tope la kiatu au la kamba. Mwaka 2009 idara ya serikali ya wanyama iliwaomba watu waache kuingia mapangoni katika majimbo yenye ugonjwa na yaliyo jirani. Mabishano yakawa makali. Wengine walisema popo wenyewe huambukizana kwa kugusana, na kwamba pango lisilotembelewa na rafiki litatembelewa na mharibifu. Walikuwa na haki kwa kiasi, kwa kuwa baada ya kufika bara hilo ugonjwa ulienea hasa kwa popo wenyewe. Lakini hakuna aliyeweza kuapa kwamba kiatu chake ni safi.

Baadhi ya mapango yanayomilikiwa na vyama yalifungwa, wenye funguo wakiwa wa kwanza kubaki nje. Kwingineko ikawekwa kanuni ya usafi ambayo sasa ni desturi: nguo, kamba na viatu vilivyotumika katika eneo lenye ugonjwa havipelekwi katika eneo safi kamwe, na vinginevyo vyote huondolewa tope, kisha huzamishwa katika maji ya moto ya nyuzi 55 za sentigredi au zaidi. Katika nyumba za watu hawa sufuria kubwa la kuchemshia kamba limekuwa chombo cha kawaida, na si kila mke au mume amelipokea kwa furaha.

Jambo moja zaidi linawagusa polisi. Mtu akipotea au akivunjika mguu pangoni, huko Marekani mwenye amri ya uokoaji kwa kawaida ni mkuu wa polisi wa wilaya au wa zimamoto. Lakini askari wake wengi hawajapata kushuka kwa kamba gizani. Kwa hiyo chama cha taifa kina tume yake ya uokoaji, nayo huendesha mafunzo ambamo wapenda mapango, polisi na wazima moto hukaa darasa moja. Wachukuzi wa kujitolea hujifunza kupokea amri, na maofisa hujifunza kwamba machela inayopita katika ngazi za hospitali haipiti katika mwanya wa sentimeta 30. Wanaomiliki pango na kulifungua kwa vibali wanajua kuwa siku moja simu italia usiku.

Na huko Huntsville kazi haijakoma. Yule uduvi mweupe alitangazwa na serikali mwaka 1988 kuwa kiumbe aliye hatarini kutoweka. Hajaonekana tena Shelta, lakini amepatikana katika mapango mengine machache ya wilaya hiyo, moja likiwa pango la Bobcat, lililo ndani ya ua wa kambi ya jeshi ya Redstone. Hapo jeshi lenyewe ndilo mlinzi wake.

Upo pia mkasa wa kamba mdogo wa Shelta, mwenye urefu wa sentimeta 2.5 hivi, ambaye hajapata kujulikana katika pango jingine lolote duniani. Tangu 1988 hakuna aliyemwona, na wengi walikwisha kumwandika miongoni mwa marehemu. Chama kiliendelea kulitunza pango, kushika funguo na kuwafungulia watafiti. Mwaka 2019 Matthew Niemiller wa Chuo Kikuu cha Alabama kilichoko Huntsville, akiogelea polepole na taa katika ziwa lile lile lililowahi kupita mashua za wageni, alimwona jike mmoja. Mwaka uliofuata akaonekana dume.